Tandiko Lisilo na Mji

Mtaa wa wachapaji ulianzia nyuma ya soko la nafaka ukateremka hadi kwenye kijito, na aliyeingia humo asubuhi aliusikia kabla ya kuuona. Kila ua ulikuwa na mlio wake. Chapa ya mbao ikigusa kitambaa haisemi kitu. Kinachosikika ni ngumi inayoigonga juu ili dawa iingie nyuzini. Watu wa mtaa ule waliweza kutambua kwa ngumi hiyo ni nani anachapa, na kama ameamka vizuri.

Katika miaka iliyofuata kugawanywa kwa Punjabi kati ya nchi mbili, mlio huo ulipungua. Wanaume wengi wa ukoo walikuwa wamekaa kwenye vyerehani, kwa kuwa vitambaa vya viwandani vilikuja vimekwisha kuchapwa na kilichobaki ni kuvikata na kuvishona. Ngumi ikabaki katika ua mmoja, ua wa Bibi Ishar Kaur.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana na mikono iliyokuwa myekundu hadi kwenye vifundo. Hakuna sabuni iliyoiondoa rangi ile, naye hakuitafuta. Akikanda unga wa chapati mbele ya wageni, wageni wapya walitazama vidole vyake kisha wakatazama unga, naye angesema, "Kuleni. Haijawahi kumchapa mtu tumboni."

Kwa desturi mwanamume ndiye aliyepiga chapa. Mwanamke alifua, alichemsha, alianika. Mume wake, Waryam Singh, alipougua kifua, Ishar Kaur alisogea kwenye meza ya kuchapia, na mume alipofariki hakuondoka hapo. Wazee wa ukoo walikuja kumweleza, kwa upole, kwamba jambo hilo halikuwa na mfano.

"Waryam alikuwa anapiga, mimi nachemsha," aliwajibu, huku akiwamiminia chai. "Akipiga, kitambaa kilibaki cheupe. Kikitoka kwangu ndipo kilikuwa chekundu. Sasa niambieni, kazi ilikuwa ya nani?"

Walikunywa chai wakaenda zao. Hawakurudi na habari ile.

Ukoo wenyewe ulikuwa wa zamani, na Ishar Kaur aliupenda bila kujigamba. Kila nyumba ya wachapaji ilikuwa na vijiji vyake. Ilivichapia mifarishi ya baridi na mitandio ya wanawake, ikalipwa kwa ngano wakati wa mavuno. Kila kijiji kilikuwa na ua lake la kuchapwa, hata mwanamke akipotea katika umati wa sherehe aliweza kurudishwa kwao kwa kutazamwa mtandio tu. Na katika Kitabu Kitakatifu cha Masingasinga yalikuwamo maneno ya mcha Mungu mmoja wa kale ambaye naye alikuwa mchapaji. Kitabu kilipofunguliwa gurudwarani, nyumba yao ya ibada, na maneno hayo kusomwa, mtaa mzima ulikaa wima kidogo zaidi.

Nje ya gurudwara mambo yalikuwa mengine. Wenye mashamba walilitamka jina la ukoo kwa mdomo uliopinda. Ndani, Guru, mwalimu wao mkuu, aliagiza watu wote waketi chini, safu moja, bila wa juu wala wa chini, na hakuna aliyethubutu kubishana na hilo. Lakini mazoea yana akili zake. Tandiko la zamani la gurudwara lilichapwa kama kanga ilivyo, lina mji katikati, umejaa maua mekundu, na pindo jeusi pande zote. Wenye mashamba waliketi mjini, kwenye maua. Wachapaji, washonaji na wafinyanzi waliketi pindoni. Hakuna aliyewapanga. Miguu ilikuwa imejifunza njia.

Sasa mbele ya nyumba ya Ishar Kaur, upande wa pili wa kichochoro, lilikuwapo duka la mdogo wake marehemu Waryam, fundi cherehani Mehnga Singh. Walipokimbia kutoka magharibi wakati wa mgawanyo, watu walijitwika masufuria na magodoro. Ndugu wawili hawa walijitwika chapa za baba yao, kila mmoja kikapu. Waryam alizitunza zake. Mehnga alipofungua duka la kushona, mwaka ambao makaa yaliadimika, alizipasua zake moja moja akazitia ndani ya pasi.

"Mbao za mshishamu zinatoa makaa mazuri," alijitetea. "Hayatoi moshi."

Tangu siku hiyo Ishar Kaur hakula chakula nyumbani kwa shemeji yake. Kuongea waliongea, tena kila siku, kwa kuwa milango ilitazamana na wote wawili walikuwa na ndimi nzima.

Mwaka gurudwara ilipojengwa upya, tandiko la zamani halikutosha. Kamati ikaketi. Mwenyekiti, Sardar Bakhtawar Singh, mwenye mashamba mapana kuliko wote, alitaka mazulia ya kiwandani kutoka mjini. Giani Lachhman Singh, msomaji wa Kitabu, mzee mwenye sauti ndogo, aliuliza kama kweli watu wenye wachapaji mtaani kwao wanunue pa kukalia kwa wageni. Bakhtawar Singh hakupenda kubishana na Giani. Alimwita Ishar Kaur.

"Bibi, sikukuu ya kuzaliwa kwa Guru Nanak ni mwezi mpevu ujao. Utaweza?"

"Nitaweza."

"Lisipokuwa tayari, nitaleta mazulia, na ndiyo itakuwa desturi. Sitaki kesi kila mwaka."

Ishar Kaur alielewa vyema. Vijiji vilikuwa vimekwisha kuacha mifarishi ya kuchapa. Gurudwara ndiyo iliyobaki. Ikienda kiwandani, ngumi ya mwisho ya mtaa itanyamaza.

Mehnga Singh naye alielewa, na alimngoja kichochoroni.

"Shemeji, nasikia umechukua kazi ya wanaume watano."

"Niliowaona hapa mtaani, watano ndiyo wanafikia mmoja."

"Haya. Ukishindwa, utafanya nini?"

"Nikishindwa nitakuja dukani kwako nikushonee vifungo. Si ndivyo unavyotaka?"

"Kiti kipo," alisema Mehnga. "Nitakuwekea na mto, maana mtu mzima mgongo unauma."

"Uuweke mto huo chini ya ulimi wako, upumzike."

Nyumba ile ilikuwa na desturi yake, iliyotoka kwa babu wa Waryam. Chapa zilikaa katika vikapu viwili. Kikapu cha juu kilikuwa cha chandarua, yaani kile kitambaa kinachotundikwa hewani juu ya Kitabu, pamoja na vitambaa vya kukifunika. Kikapu cha chini kilikuwa cha matandiko, mifarishi na mitandio. Chapa ya juu haikugusa kamwe kitambaa cha kukaliwa. Ili mkono usikosee, vishikio vya chapa za juu vilizungushiwa uzi mwekundu.

Kila mwaka mvua zilipokwisha, Ishar Kaur alizitoa chapa zote akaziloweka katika mafuta ya haradali ili zisipasuke, na kwa kuwa mafuta yaliharibu uzi, aliufungua kwanza na kuufunga upya baadaye. Mwaka huo alifanya hivyo hivyo. Akazianika darini, akazirudisha vikapuni, akafunga uzi. Maua mawili miongoni mwake yalikuwa ndugu, yaliyochongwa na fundi mmoja kwa mchoro mmoja: ua la tandiko na ua la chandarua. Tofauti yao ilikuwa nukta moja ndogo kama nyota katikati ya ua la chandarua.

Akaanza kazi. Tandiko kubwa halichapwi zima. Huchapwa vipande virefu vyembamba, kisha hushonwa pamoja. Pindo alichapa kwa maji ya chuma, yaliyotokana na viatu vya farasi vyenye kutu kuchachushwa pamoja na sukari guru, na pindo likatoka jeusi papo hapo. Mji ulihitaji shabu. Shabu haina rangi. Ni dawa inayokaa kitambaani kimya hadi kitambaa kitiwe katika pipa la mizizi myekundu kuchemshwa, na hapo ndipo rangi hushika mahali penye dawa tu. Wachapaji huchanganya shabu na udongo mwekundu kidogo ili waone walipopiga. Lakini kijito kilikuwa kimepungua mwaka huo, na udongo usipofuliwa kwa maji mengi huacha madoa. Ishar Kaur akaamua kuchapa bila udongo, maji juu ya kitambaa cheupe.

Watu wengi wangeshindwa. Yeye aliweza, kwa sababu mchapaji hodari halitazami ua. Hutazama kiungo, ile pembe ndogo ambapo pigo jipya linakutana na pigo lililotangulia, na ung'aavu wa unyevu ulimtosha kuiona. Kipande baada ya kipande, viungo vyake vilikutana kama meno ya juu na ya chini. Mtaa mzima ulisikia ngumi yake, haikupumzika wala kubadilika, na hata wale waliomcheka walianza kupita polepole mlangoni.

Siku ya kuchemsha, wanawake wa mtaa walikuja kumsaidia kukoroga. Mvuke ulipanda, harufu ya mizizi ikajaa uani, na vipande vikaanza kuona haya, kwanza waridi, kisha vyekundu vya kuiva. Ishar Kaur alikinyanyua kimoja kwa fimbo akakiinamia.

Katikati ya kila ua kulikuwa na nyota.

Akakirudisha ndani ya pipa. Wanawake wakaendelea kukoroga na kuimba. Baadaye akawaambia, "Punguzeni moto, rangi imeshika," kwa sauti ile ile ya siku zote. Akavipeleka vipande kijitoni, akavifua, akavitandaza kwenye majani ya ukingo vikauke.

Mehnga Singh aliteremka kumchokoza. Alikuwa na mkanda wa kupimia shingoni na sindano kwenye kola.

"Naona mambo yameiva, shemeji. Yaani nimekuwekea mto bure kabisa..."

Alikuwa ameyaona maua. Alisimama kidogo pale ukingoni, kisha, badala ya kukatiza kwenye kona ya kitambaa kama alivyofanya na vitambaa vyote tangu utotoni, akavua viatu, akavishika mkononi, akazunguka.

Ishar Kaur alimtazama muda wote.

"Mbona umevua viatu?"

"Nimevua tu. Majani yana umande."

"Saa hizi umande?"

Mehnga alivitazama viatu mkononi.

"Hakuna mwingine ambaye angejua," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Bakhtawar Singh hajui ua na kabichi. Litandike. Watakaa, watasifu, yatakwisha."

"Wewe mwenye kuchoma chapa umelizunguka peku. Mimi nikalikalie?" Aliketi juu ya jiwe la kufulia. "Nilifunga uzi kwenye chapa isiyo yake. Basi. Nitafutie kiti changu, Mehnga. Mto sihitaji."

Kwa miaka mingi Mehnga Singh alikuwa akisubiri kusikia maneno hayo, na alikuwa amejiandalia majibu kadhaa ya kuchekesha. Badala yake alivuta mkanda shingoni akaanza kupima vipande, upana, urefu, akihesabu kwa midomo.

"Unafanya nini?"

"Dukani hakuna nafasi," alisema. "Kiti nimemuahidi mtu mwingine."

"Nani?"

"Nyamaza kidogo, shemeji, utanipotezea hesabu."

Alipomaliza alikaa chini, mbali na kitambaa. "Hivi vyekundu si vya chini, ni vya juu. Basi tuvipeleke juu. Gurudwara mpya ina ukumbi mpana, na chandarua walichonacho ni kama leso. Mimi nitavishona viwe chandarua kimoja, kikubwa, chenye pindo la kuning'inia. Hilo ni la cherehani, niachie."

"Na chini?"

"Chini una pindo."

"Pindo la kuzunguka tu. Katikati patakuwa sakafu."

"Basi chapa pindo jingine. Na jingine. Jeusi halihitaji kuchemshwa, si ndivyo? Linatoka hapo hapo."

Ishar Kaur alimtazama kana kwamba amesikia ng'ombe akisoma. "Tandiko la pindo tupu? Bila mji?"

"Una maoni mengine?"

Hakuwa nayo. Wala hakuwa na kitambaa. Mehnga akapanda dukani akarudi na majora ya pamba nzito aliyokuwa ameiweka kwa mashati ya wakulima ya majira ya baridi, akayashusha uani bila kusema bei, naye hakuuliza. Ishar Kaur alikitia kitambaa katika maji ya maganda machungu ili kishike chuma, akakianika, na kilipokauka akatandika meza zote mbili, yake na ile ya marehemu, ambayo ilikuwa imetumika kuanikia pilipili.

Akaweka chapa moja ya pindo kwenye meza ya pili, pale Mehnga alipokuwa amesimama.

"Nimesahau," alisema Mehnga.

"Piga."

Akapiga.

"Umepiga kama unaua panya. Legeza bega."

Akapiga tena. Kiungo kilipishana kwa unene wa ukucha. Ishar Kaur alikitazama, akamtazama na shemeji yake, ambaye masikio yalikuwa yamemwiva.

"Baba yako angekukata mkono," alisema. "Lakini endelea. Watu watakaa juu yake."

Kufikia adhuhuri bega lilikuwa limekumbuka. Mtaa ulisikia ngumi mbili, na watu wakatoka madukani kutazama. Mafundi cherehani, ambao wengi wao walikuwa wamezaliwa chini ya meza kama zile, hawakungoja kuitwa. Mmoja alisukuma cherehani yake hadi mlangoni mwa Ishar Kaur, mwingine akafuata, na kila kipande kilichokauka kilipita mikononi mwao kikaunganishwa na mwenzake. Walibishana kuhusu nyuzi, wakabishana kuhusu chai. Mzee aliyewahi kumweleza Ishar Kaur kwamba jambo lake halina mfano alikaa kwenye kizingiti akikata ncha za nyuzi kwa meno.

Asubuhi ya sikukuu chandarua kilikuwa kimekwisha kufungwa. Kilijaza hewa yote juu ya Kitabu na kuendelea mbele, juu ya safu za kwanza za watu, chekundu, na nyota zake ndogo zilionekana kwa yeyote aliyeinua uso. Chini, ukuta hadi ukuta, zilipita safu nyeusi na nyeupe, pindo kando ya pindo, zote sawa.

Sardar Bakhtawar Singh aliingia na wanawe, akainama mbele ya Kitabu, akageuka kwenda mahali pake. Akasimama. Miguu yake ilikuwa ikitafuta maua, na maua hayakuwapo. Alitazama kushoto, alitazama kulia. Nyuma yake watu walianza kurundikana.

"Giani," alinong'ona, "mimi nikae wapi?"

"Hapo ulipo, Sardar," alisema Giani Lachhman Singh kwa sauti yake ndogo. "Unawazibia njia."

Akaketi hapo alipokuwa. Mfinyanzi aliyekuwa nyuma yake aliketi kando yake, kwa sababu safu ilikwenda hivyo, na baada ya mfinyanzi mke wa mwenye shamba, na baada yake binti wa mshonaji. Wachapaji waliingia wakaelekea pindoni kama kawaida, na walipofika wakakuta kwamba kila mahali ni pindoni. Ishar Kaur mwenyewe aliketi karibu na mlango, alikokaa siku zote. Giani alipofika kwenye maneno ya yule mchapaji wa kale, Mehnga Singh alionekana akitazama juu, kwenye mishono yake, akitafuta kasoro. Hakuipata.

Watu walipokuwa wakitoka, Bakhtawar Singh alimsogelea Ishar Kaur. Hakuwa na hasira; alikuwa na sura ya mtu aliyepewa chakula asichokijua na bado anakitafuna.

"Bibi, tandiko ni zuri. Lakini mji umeusahau."

"Sijausahau, Sardar. Uko juu."

Akainua uso, akatazama maua yale mekundu kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia.

"Mazulia yanaweza kusubiri," alisema, akavaa viatu.

Jioni ile, kabla jua halijashuka, Ishar Kaur alivuka kichochoro. Mke wa Mehnga alikuwa akipakua dengu na chapati, na alipomwona mlangoni alisimama na mwiko mkononi bila kujua la kufanya nao.

"Nipe na mimi," alisema Ishar Kaur, akakaa chini. Mehnga alitazama sahani yake mwenyewe.

"Kiti kipo," alisema.

"Nimeketi. Kula."

Kuanzia hapo mtaa ulisikia ngumi mbili kila asubuhi, kabla duka la kushona halijafunguliwa. Moja ilikuwa sawa kama mapigo ya moyo, na ya pili ilichelewa kidogo nyuma yake. Ishar Kaur aliisema ngumi hiyo hadharani kila alipopata nafasi, lakini hakumruhusu mtu mwingine yeyote kuisema. Uzi mwekundu wa vishikio tangu hapo ulifungwa na wao wawili pamoja, mmoja akishika chapa, mwingine akilitazama ua, ua lenyewe, kabla fundo halijakazwa.

Nyeusi ya chuma hula kitambaa polepole. Kila mchapaji anajua hivyo. Baada ya miaka pindo likaanza kutoboka kufuata mchoro wake, mpaka sakafu ikaonekana katika umbo la majani. Kamati ikaagiza tandiko jipya. Ishar Kaur, ambaye kwa wakati huo alikuwa akichapa kwa kuegemea meza, alimuuliza Bakhtawar Singh kama safari hii angependa lenye mji katikati, kama lile la zamani. Udongo ulikuwapo wa kutosha, na maji pia.

Yule mzee alifikiri, akiwa ameegemea mkongojo wake.

"Ah, acha tu, Bibi," alisema. "Tumeshazoea hivi."